Mashine ya Mbio za Zamani Jikoni Mwangu

Jumatatu, Aprili 3

...ndiyo nikamwambia basi, kiache hapo hapo, lakini siku kitakapopiga kengele nikiwa naombea chakula, nakitoa nje nakifunika turubai kama trekta bovu. Ningefanyaje? Kidude kilikuwa kimekwama mlangoni nusu saa, mimi na Maribeth tunavuta upande huu, kaka yangu Hobart anasukuma upande ule, na Hobart ana miaka themanini na moja na nyonga ya chuma. Chumbani kwa Maribeth hakipiti. Sebuleni mbao za sakafu zimeoza tangu mafuriko. Kwa hiyo kimekaa jikoni kwangu, kati ya friji na meza, kirefu kunizidi, kina kioo kama cha televisheni, na kimekuja na kiti chake, kizuri kuliko viti vyangu vyote.

Taa nyekundu inawaka. Maribeth kasema ikiwaka ujue kinanasa sauti. Haya.

Mimi ni Oleta Sizemore, nina miaka sabini na tisa, na kazi yangu ilikuwa kutunza farasi wa mbio, miaka thelathini na nane, hapa hapa Kentucky. Mashine hii kaibuni mkamwana wangu, huyo Maribeth. Ni ya kubetia mbio zilizokwisha kukimbiwa zamani. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikauliza, mpumbavu gani atabeti mbio zilizokwisha, si anamuuliza jirani tu nani alishinda? Akasema ndiyo kazi yenyewe hiyo, Mama, jirani asijue. Ina mbio elfu themanini tumboni. Inachomoa moja, inakuficha majina ya farasi, ya wapandaji, ya uwanja, na mwaka. Inakupa mistari tu: huyu mpandaji wake hushinda mara ngapi, huyu kabeba ratili ngapi, huyu kapumzika siku ngapi, huyu watu walimwamini kiasi gani siku ile. Unachagua watatu. Halafu inakuonyesha mbio yenyewe, picha za kweli, farasi wa kweli, wengine walishakufa. Mwisho ndiyo majina yanatoka.

Sasa tume ya mbio inakuja kuipima Mei ishirini na tatu. Sheria yao, anayejua farasi aweze kutumia akili yake, lakini asijue ni mbio ipi. Akijua, huo si mchezo tena, ni wizi. Ikipita, bosi wa kampuni ya akina Maribeth, wa Nevada, anamchukua kule akawe mkubwa wa karakana nzima. Isipopita anabaki hapa kutengeneza mashine za wenzake zilizoharibika. Yeye anaitaka Nevada kama mtu anavyotaka maji. Nimemwambia nitamwombea, na nimemwombea kweli, maana na mimi nalitaka jiko langu.

Kazi yangu ni kukaa kwenye hicho kiti kila siku nicheze, nijaribu kuzitambua. Wale wa Nevada walijaribu wakashindwa, lakini wale, Maribeth mwenyewe kasema, hawajui farasi na punda. Jioni niseme humu nilichokiona, kwa kuwa kuandika sijui. Tarakimu nazijua, nambari za kitabu cha mbio nilizisoma nina miaka tisa. Herufi ndizo zilizonishinda. Hakuna atakayesikiliza mpaka msimu uishe, ndipo watachapa. Basi nitasema ninavyotaka.

Leo nimecheza tatu. Sikutambua kitu. Kiti kinazunguka.

Jumanne, Aprili 4

Mvua. Nne. Sikutambua.

Alhamisi, Aprili 6

Baridi imerudi. Hii ni ya maua mekundu, ya kwanza. Huku kwetu baridi za masika zina majina ya maua, ukiona miti imechanua unafikiri umepona, kumbe inakuja kukupiga kofi. Baada ya hii ni ya maua meupe, halafu ya beri. Ya beri ikipita ndiyo unapanda nyanya. Maribeth alipanda nyanya zake jana. Nilimwambia. Leo zimelala chini zote kama walevi.

Ni mtu wa Michigan, hajui. Na niseme habari yake kabisa, ili wanaochapa wasichanganyikiwe. Aliolewa na mwanangu Dale. Dale akamkimbia, akaenda Florida na mwanamke anayeuza mabwawa ya kuogelea. Hawakuwa na mtoto. Maribeth akaja hapa na mifuko miwili, akasema, "Mama Oleta, wiki mbili tu, nikipata pa kukaa naondoka." Ningemfukuzaje, aliyemkosea katoka tumboni mwangu. Hiyo wiki mbili sasa ina miaka mitatu. Anaweka sukari kwenye mkate wa mahindi. Anaosha kikaango changu cha chuma kwa sabuni. Anapiga hesabu zake ukutani kwa vikaratasi vya njano. Hana kelele, hilo nampa.

Nimecheza tano. Hakuna.

Jumanne, Aprili 11

Leo nimeitambua moja.

Nilikuwa nakunywa kahawa, nimekaa tu, naangalia mistari. Namba tano, ratili mia moja na kumi na nane, siku za kupumzika mia mbili na kumi na mbili. Nikasema, ah, habari yako wewe. Mguu wa mbele wa kushoto. Yule niliufunga udongo na barafu mguu ule kila alfajiri siku mia mbili na kumi na mbili, nilikuwa nakata alama kwenye mlango wa banda kwa kisu. Sasa nisizijue? Nikambonyeza wa kwanza. Akashinda, kama alivyoshinda.

Maribeth alikuwa anakaanga mayai. Nikamwambia majina kabla mashine haijayatoa, farasi, mpandaji, kocha, hata rangi ya gari la mwenye farasi. Mayai yakaungua. Akaondoa kikaango motoni, akauliza, "Mama, siku zote hizo umezikumbuka?" Nikamwambia si kukumbuka, ni kama kuulizwa mwanao kazaliwa lini.

Alikaa chini akaandika. Kesho ataondoa idadi kamili ya siku, mashine iseme tu kapumzika muda mfupi au mrefu. Nilidhani atakasirika. Alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa panya alikokuwa anaingilia.

Ijumaa, Aprili 14

Nyingine. Hii kwa sababu namba saba hayupo. Unaona sita, halafu nane. Maana yake saba aliondolewa asubuhi ya mbio, na mimi namkumbuka saba aliyeondolewa, alikula kofia ya daktari wa farasi. Maribeth atazipanga namba upya, pasiwe na pengo. Ameniuliza kuhusu ile kofia mara mbili. Anacheka vibaya huyu mtoto, anakoroma kama nguruwe. Miaka mitatu sikuwahi kumsikia.

Jumapili, Aprili 16

Kanisani, halafu kambare wa kukaanga. Sijagusa mashine, ni Sabato.

Jumatano, Aprili 19

Sita. Hakuna. Goti linauma.

Jumanne, Aprili 25

Baridi ya maua meupe, kali. Barafu kwenye ndoo ya kuku.

Leo nataka kusema kitu. Tangu mashine imefika nilikuwa nakosea vitufe. Kile cha kuanza na kile cha kufuta vinafanana, vyote vina maandishi. Nikibonyeza kibaya najifanya nimebadili mawazo. Nasema, ah, hii sikuipenda. Hobart yeye nilimwambia miwani yangu mibovu, akasema, "Dada, miwani yako mibovu tangu mwaka sitini na mbili."

Asubuhi nimeamka, vitufe vyote vina picha. Cha kuanza kina farasi anakimbia. Cha kufuta kina mkono umesimama hivi. Cha kuchagua kina kiatu cha farasi. Maribeth alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, mgongo kanipa. Mimi nikakaa, nikacheza tisa mfululizo bila kukosea, ndipo nikamuuliza bosi wake kasemaje kuhusu picha. Akasema alimwambia wachezaji wengi ni wazee, macho yamechoka.

Macho yangu yanaona inzi juu ya zizi la jirani. Anajua hilo. Mimi mama yake Dale nimezaa wanne, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kunifichia aibu yangu vizuri namna hiyo.

Alhamisi, Aprili 27

Kikaango nimekiosha mwenyewe kabla hajakifikia. Mkate wa mahindi wa sukari nimekula vipande viwili. Sisemi ni mtamu. Ni kama keki iliyopotea njia.

Jumamosi, Mei 6

Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku kubwa ya mbio, Kentucky nzima imesimama. Hobart alikuja na wiski na mnanaa. Maribeth alivaa kofia ya kwangu ya mwaka themanini na nne, yenye manyoya, akafanana na kuku aliyeshtuka.

Dale alipiga simu. Hupiga kila mwaka siku hii, anitakie heri, halafu aulize nani atashinda. Nikamtajia niliyemtaja. Akauliza, sauti chini, kama yule bado yupo. Nikamwambia yupo, anakula mkate wa nyumba hii, kavaa kofia ya mama yako. Nikamwambia hatakaa sana, anaenda Nevada. Nilipolisema hilo kwa mdomo wangu sikulipenda. Nikamkatia simu mwanangu mwenyewe, nikasema maharage yanaungua. Hata hayakuwa jikoni.

Farasi niliyemtaja kawa wa tisa.

Ijumaa, Mei 12

Wiki nzima mbio sabini na kitu. Sikutambua hata moja. Maribeth kaziweka kwenye ubao kwa alama, kila nikishindwa anachora mstari, anaimba. Mimi nashindwa nikiwa najitahidi kweli, niamini. Naivuta akili kama kamba.

Jumanne, Mei 16

Beri zimechanua. Kesho keshokutwa baridi yake hiyo.

Jumatano, Mei 17

Taa inawaka. Maribeth yuko mjini na bosi kwenye simu za picha. Niko peke yangu na hii mashine na nimeifunika kitambaa cha meza, nisione kioo.

Nimemwona Polly.

Ngoja nieleze taratibu. Hapa zamani palikuwa na kiwanja kidogo, Hinkle Fork, sasa ni maghala. Mwaka tisini na moja, Oktoba, tajiri mmoja, Boatwright, alileta farasi wawili mbio moja. Siku zile ukileta wawili wa mwenye mmoja, wanavaa namba moja, moja na moja-A, na anayebeti mmoja kawabeti wote. Mkubwa aliitwa Commodore, alinunuliwa kwa bei ya shamba. Mdogo alikuwa Salt Lick Polly, jike mwekundu, mwembamba, wangu mimi. Polly alikuwa chambo. Kazi yake atoke mbio kama nyumba inaungua, wengine wamfukuze wachoke, halafu Commodore aje nyuma achukue. Walimpandisha kijana mwanagenzi asiyewahi kushinda maishani, ratili mia moja na sita, maana nani anajali chambo.

Polly akatoka. Wakamfukuza. Wakachoka. Tatizo ni kwamba yeye hakuchoka. Hakuna aliyemwambia asimame. Akamaliza peke yake, urefu wa farasi sita, kijana juu yake analia. Commodore wa nne. Na kwa kuwa namba ni moja, kila aliyebeti Commodore alilipwa kwa Polly. Kaunti nzima ilikula nyama wiki ile. Hakuna mtu wa hapa aliyevuka miaka sitini asiyeijua mbio hiyo. Watu wana ndoa zao wanazipima, kabla ya Polly, baada ya Polly.

Leo asubuhi nimekaa na kahawa, mashine ikatoa mistari. Wapo wanane. Wawili kati yao, mstari wa watu waliwaamini kiasi gani, umelingana mpaka unywele. Namba zimepangwa upya, siku hakuna, sawa. Lakini wawili kulingana hivyo haitokei, isipokuwa walikuwa namba moja. Na mmoja wao kabeba ratili mia na sita, na mstari wa mpandaji wake hakuna kabisa. Mtupu. Kijana asiyewahi kushinda.

Nikaweka mkono mdomoni. Nikambonyeza. Akatoka kwenye kile kioo, Polly wangu, mkia nimemsuka mimi kwa kitambaa cha gauni, akakimbia vile vile, hakusimama. Nikalia kidogo, sisemi uongo.

Halafu nikafuta macho, nikafikiri. Mbio zote za wawili-kwa-namba-moja zina kasoro hiyo hiyo, na Maribeth hajui. Michigan hawakumwambia. Watu wa tume wakiiona, mashine imeanguka. Na mashine ikianguka, Maribeth habebwi na Nevada.

Nimesema. Sasa unajua wewe kidude, peke yako. Anakuja, nasikia gari.

Alhamisi, Mei 18

Baridi ya beri. Sikusema.

Kaniuliza jana umeona nini, nikamjibu hakuna. Akachora mstari wake ubaoni akaimba.

Ijumaa, Mei 19

Hobart kapita. Tume imemteua, yeye na wazee wengine wawili wa mbio, Jumanne wakae kwenye mashine mbele ya mkaguzi, Bwana Prewitt, wajaribu kutambua. Na watapewa mbio za viwanja vya huku kwetu tu, mia chache, Hinkle Fork humo. Hobart ndiye alikuwa akipima saa mazoezi ya asubuhi miaka ile. Mwendo wa Polly anaujua kama anavyoujua mlango wake. Atamtambua kabla hajamaliza kukaa.

Kwa hiyo sina haja ya kufanya kitu. Naweza kunyamaza tu, nikae nikitoa maganda ya mbaazi. Hobart atasema. Mashine itaanguka. Maribeth atalia siku mbili, nitampikia, na atabaki. Wala sitakuwa nimesema uongo wowote mkubwa. Nimesema hakuna mara moja tu.

Nimezungusha hilo kichwani mchana kutwa, na kila upande linapendeza.

Jumamosi, Mei 20

Niseme kuhusu hatamu kwanza, halafu mengine.

Kwenye mbio ndogo kulikuwa na desturi, farasi anakimbia akiwa na bei juu yake. Yeyote mwenye pesa anaweza kumchukua. Mbio zikiisha wanamfungia kibati, anaondoka na hatamu ya mwenye kumnunua, moja kwa moja, wewe hata hukumpa maji. Mtunzaji anarudi bandani na hatamu tupu mkononi. Nimerudi na hatamu tupu mara kumi na tisa. Polly alikuwa wa kumi na moja. Unatembea hiyo njia, watu wa mabanda mengine wanakuona, wanaangalia pembeni kwa adabu.

Na karibu kila mara unakuwa umejua. Unasikia minong'ono asubuhi, fulani kaja kumtazama meno. Sasa ukijua farasi wako leo atachukuliwa, unafanyaje? Wapo waliokuwa wanamfunga mguu bendeji akiwa mzima, aonekane mgonjwa, asichukuliwe. Nilimwona mtu akifanya hivyo, mtu mzuri tu, anampenda farasi wake. Farasi akabaki. Na hakuwahi kukimbia sawasawa tena, sijui kwa nini, labda farasi wanajua. Mimi sikufanya. Mimi siku nikijua, ndiyo siku ninayomsugua kuliko zote. Namsugua mpaka anang'aa kama chungwa. Kwato napaka mafuta. Wamchukue waone alitoka kwenye mikono ya nani.

Basi asubuhi tulikuwa tunatoa maganda ya mbaazi, mimi na Maribeth, bakuli katikati. Nikamwambia, "Kuna kasoro kwenye mashine yako. Nimeijua tangu Jumatano."

Nikamweleza yote, wawili wa namba moja, Polly, mstari mtupu. Alisikiliza bila kuacha kutoa maganda. Nilipomaliza akauliza sauti ndogo, "Jumatano ulisema hakuna."

Nikamwambia ndiyo.

"Kwa nini, Mama?"

Nilitaka kusema nilisahau. Mzee anasahau, nani angebisha. Nikamwambia, "Kwa sababu ikianguka unabaki."

Mbaazi zikawa zinaanguka kwenye bakuli, tak, tak. Nikafikiri sasa atanyanyuka, ataniambia mimi na mwanangu damu moja, na angekuwa na haki. Akasema, "Ningekuwa mimi ningenyamaza mpaka Jumatano ijayo." Halafu akakoroma kile kicheko chake, na machozi yanamtoka, na mimi vile vile, na paka akapindua bakuli.

Akanawa mikono akaingia kwenye vikaratasi vyake. Siku tatu zimebaki.

Jumatatu, Mei 22

Ameziondoa mbio zote za wawili-kwa-namba-moja, kila kiwanja. Hinkle Fork kaiondoa yote, mia mbili na kumi na nne, hataki kubahatisha. Nimecheza tangu kifungua kinywa mpaka chakula cha jioni, nikitafuta kwa hasira, kama natafuta pete shimoni. Sikupata. Nilimletea chakula mezani kwake, hakuona alichokula.

Jumanne, Mei 23

Imepita.

Bwana Prewitt ni mtu mrefu, kavaa tai yenye farasi wadogo, anaandika kila kitu. Walikaa wale wazee watatu kwa zamu kwenye jumba la maonyesho, sisi nyuma kwenye viti vya bati. Saa nne nzima. Hobart alikuwa anakaribia kioo mpaka pua inagusa. Kila akifikiri amepata, majina yanatoka mengine. Alitutajia kwa uhakika mbio ya mwaka themanini na tano, ikatoka ya mwaka mwingine kabisa. Prewitt akaandika. Mwishowe Hobart kageuka na kiti kikazunguka naye, akasema mbele ya tume, "Huyu mtoto kanipokonya ubongo wangu, na nilikuwa nautumia." Prewitt karibu acheke.

Prewitt alipotia sahihi, Maribeth hakurukaruka. Alinitafuta kwa macho kule nyuma. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, ambayo haikuwa imefunguka.

Nevada wanamtaka Juni.

Alhamisi, Mei 25

Joto. Nimepanda nyanya. Za Maribeth nimezipanda pia, mstari wa pembeni.

Jumatatu, Mei 29

Makaburini, maua kwa marehemu wetu wote. Maribeth alibeba ndoo. Watu waliniuliza ni nani huyo sasa, kwa kuwa wanajua ya Dale. Nikasema ni wangu.

Jumamosi, Juni 3

Nasema haraka, wanapakia gari. Hobart anajifanya anasaidia, amesimama na taa ya mezani mkononi tangu saa moja.

Mashine inabaki. Ilikuwa ya majaribio, Nevada hawaitaki tena, kuisafirisha ni ghali. Nilidhani ataondoa tumbo lake aniachie kabati niweke mitungi. Jana kutwa nzima alikuwa nyuma yake na bisibisi. Kaondoa mahali pa kuweka pesa, pamefungwa na kipande cha bati. Halafu akaniita nikae. Nikabonyeza farasi anayekimbia, mistari ikatoka, nikamjua papo hapo. Nikabonyeza tena, nikamjua. Tena. Nikamgeukia. Akasema zile mia mbili na kumi na nne haziwezi kutumika mahali popote duniani, kwa hiyo kaziweka hapa. Hinkle Fork tupu, hakuna nyingine humo.

Hobart alikaa jana jioni tukabishana mbio moja mpaka chai ikapoa. Anasema Commodore hakuwa wa nne. Alikuwa wa nne. Mashine ikasema wa nne. Anasema mashine inadanganya.

Maribeth aliuliza kama nina la kumwambia kabla hajaenda. Nikasema sina, nimeshamwambia kila kitu humu, atalisikia. Sasa nimekumbuka atalisikia kweli, na la sukari, na la jiko langu nililolitaka. Basi sikia, mwanangu, hilo la jiko lifute. Lile la sukari liache, lile ni kweli. Na huko usipande nyanya mapema kwa sababu jua linawaka, uliza mtu wa pale kwanza, kila mahali pana baridi zake. Na wakikuuliza ulijifunza kwa nani, waambie.

Sisemi kwaheri mlangoni. Nimeshavaa viatu. Mgeni unamsindikiza mpaka mlangoni, yeye nampeleka hadi Mto Ohio, ndipo Kentucky inapoisha, Hobart anafuata nyuma na gari lake bovu anirudishe. Ni mwendo wa saa moja na nusu kufika huko. Nimebeba mkate na kahawa kwenye chupa. Kuna mambo ya hatamu bado sijamweleza, na mambo ya Dale akiwa mdogo, kuna siku aliiba punda wa mchungaji wa kanisa, sasa punda yule alikuwa na jicho moja, na Dale hakujua, akampanda upande ule ule asioona, basi—

Ananiita. Anasema gari linaunguruma bure, Mama, njoo.

Nakuja.